Majivu ya Volkano Yakifunga Anga: Flaiti Inafutwa, Kesi Haifutwi

Mwezi huu tunazungumza juu ya majivu ya volkano na safari za ndege.

Pengine mtu atasema: sisi wa upande huu wa Nyundo tutafundishwa nini tena juu ya volkano? Ni kweli. Hewa ikiwa safi tunauona mlima Nyiragongo umesimama pale ng'ambo, na miaka ambayo ziwa la lava limejaa ndani ya shimo lake, mawingu ya usiku yanakuwa mekundu. Lakini wengi wetu tunaujua mlima wa moto kama kitu cha kuchoma nyumba na kukimbiza watu. Wachache wanajua kwamba mlima ulio mbali sana, hata bara lingine, unaweza kusimamisha ndege ambayo jina lako limo.

Jambo hili linagusa familia nyingi. Familia imengoja miaka, imefanya intavyuu, imefanya medikali, imepata tarehe. Halafu siku mbili kabla ya kuondoka inaambiwa: flaiti imefutwa. Hapo maneno yanaanza kutembea kwenye mahema. Huyu anasema kesi imefungwa, yule anasema jina limeuzwa kwa mtu mwingine, mwingine anasema ati toa pesa kidogo urudishwe kwenye orodha. Basi tuelezane vizuri, ili siku jambo kama hili likitokea, usiku huo familia iweze kulala.

MLIMA TUNAOUJUA

Tuanze na wa nyumbani. Nyiragongo una urefu wa mita 3,470. Jirani yake, Nyamulagira, una mita 3,058. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava la Nyiragongo lilipasua mlima na kumwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Ilikuwa nyepesi, ikakimbia kama maji, na watu wengi wa vijiji vya chini hawakuwahi kutoka.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka tena upande wa kusini. Lava iliingia katikati ya mji wa Goma na kuteremka mpaka Ziwa Kivu. Watu laki kadhaa walivuka mpaka kuja Gisenyi, wengine wakapelekwa kambi za Nkamira na Mudende, na wengi wakarudi Goma baada ya siku chache hata mawe yakiwa bado ya moto. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba.

Siku hiyo hiyo uwanja wa ndege wa Goma uliguswa. Lava ilifunika karibu theluthi moja ya njia ya kurukia, upande wa kaskazini. Njia ilikuwa na kilomita 3, ikabaki kama 2. Kwa miaka mingi ndege zilitumia kipande kilichobaki, na marubani walilalamika kwamba ni kifupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kupaa pale ikaingia mtaa wa Birere, na watu walipoteza maisha. Kwa hiyo mlima ulipasuka mwaka 2002, lakini shida yake kwa wasafiri iliendelea miaka mingi baadaye.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ulipasuka mara nyingine. Lava ilikata barabara ya Goma kwenda Rutshuru na kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Maelfu walivuka usiku kuja Rubavu, na wengine walipokelewa Rugerero. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka huku na kule, sakafu ya shimo la mlima ikaporomoka, vumbi na majivu yakaanguka juu ya mji. Ndege za kawaida za Goma zilisimama kwa siku kadhaa.

LAVA NA MAJIVU SI KITU KIMOJA

Lava ni mawe yaliyoyeyuka. Inatambaa chini, na mtu anaweza kuona inakoelekea. Majivu ya volkano ni kitu kingine. Usifikiri ni majivu kama yale ya jiko la mkaa. Yale ya jiko ni mabaki ya mti ulioungua, ukiyashika ni laini, ukiyatia maji yanalegea. Ya volkano ni mawe na vioo vilivyosagika kuwa unga. Gesi iliyo ndani ya mlima ikitoka kwa nguvu nyingi inapasua mawe yaliyoyeyuka vipande vidogo vidogo, na vile vidogo zaidi vinapanda juu na kubebwa na upepo. Ukikiangalia kipande kimoja kwa darubini, kina makali kama chupa iliyovunjika.

Nyiragongo mara nyingi unatoa lava zaidi kuliko majivu. Nyamulagira nao umepasuka mara nyingi: 2001, 2002, 2004, 2006, 2010 na 2011. Kwa kawaida upepo wa juu hapa kwetu unasukuma moshi kwenda magharibi, upande wa Masisi. Kigali iko mashariki. Ndiyo maana watu wamezoea kuona mlima unatoa moshi na huku ndege za Kanombe zinaendelea kuruka. Lakini upepo hauna mkataba na mtu, ukigeuka mambo yanageuka.

"PAPA, NDEKE KUBWA VILE INAOGOPA VUMBI?"

Watoto wanauliza swali hili, na ni swali zuri. Jibu liko ndani ya injini.

Injini ya ndege inavuta hewa nyingi sana, inaibana, inaichanganya na mafuta na kuiwasha. Ndani yake joto linapita digrii 1,400. Majivu ya volkano yanaanza kuyeyuka kwenye digrii kama 1,100. Yakiingia yanageuka kuwa kama uji wa kioo, kisha yakifika kwenye vyuma vya nyuma vilivyo baridi kidogo yanaganda na kushika. Njia za hewa zinaziba, injini inakosa pumzi, inazima. Tena yale makali yanakwaruza vioo vya mbele mpaka rubani haoni nje. Kibaya zaidi, rada ya ndege inaona mvua lakini haioni majivu. Usiku yanafanana na wingu la kawaida.

Haya si maneno ya kutisha tu. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways yenye abiria 248 na wafanyakazi 15 ilipita usiku karibu na volkano ya Galunggung, Indonesia, bila kujua kwamba imepasuka. Injini zote 4 zilizima. Ndege ikashuka ikiteleza hewani bila nguvu, marubani wakijaribu kuwasha tena na tena. Walipotoka nje ya wingu la majivu, ile hali ya kuganda ikapasuka na kudondoka, injini zikawaka. Walitua Jakarta na hakuna aliyekufa, lakini kioo cha mbele kilikuwa kimekwaruzwa hata hakionyeshi. Tarehe 15 Desemba 1989 ndege ya KLM nayo ilipoteza injini zote 4 ndani ya majivu ya mlima Redoubt, Alaska. Nayo iliokoka ikatua.

Baada ya hapo dunia ilijifunza. Leo kuna vituo 9 vinavyoangalia majivu ya volkano kwa setilaiti na kutoa tahadhari kwa marubani na viwanja. Kituo cha Toulouse, Ufaransa, ndicho kinachoangalia sehemu kubwa ya Afrika, pamoja na milima yetu hii. Kituo kinaeleza wingu liko wapi, liko juu kiasi gani na linaelekea wapi. Mamlaka za anga na kampuni za ndege zinaamua kuruka, kuzunguka au kungoja. Kwa hiyo ukisikia flaiti imefutwa kwa majivu, ujue wameangalia anga. Faili lako hakuna aliyelifungua siku hiyo.

SIKU ULAYA ILIPOFUNGA MLANGO WA JUU

Tarehe 14 Aprili 2010 mlima mmoja wa Iceland, Eyjafjallajökull, ulipasuka chini ya barafu. Jina hilo liliwashinda hata watangazaji wa redio. Moto ulipokutana na maji ya barafu, mawe yalipasuka kuwa unga laini sana, na upepo ukaupeleka moja kwa moja juu ya Ulaya. Kuanzia tarehe 15 nchi moja baada ya nyingine zikafunga anga. Kwa muda wa siku kama 6, safari karibu 100,000 zilifutwa na watu kama milioni 10 hawakusafiri walivyopanga.

Sasa fikiria, mlima uko Iceland, kaskazini kabisa ya dunia, lakini shida ilifika mpaka Naivasha, Kenya. Maua na mboga zilizokatwa kwa ajili ya soko la Ulaya zilikosa ndege, zikaoza, zikatupwa, na wafanyakazi wa mashamba wakaambiwa wakae nyumbani kwanza. Abiria wa Kigali, Bujumbura, Entebbe na Nairobi waliotakiwa kupita Brussels, Amsterdam au London walibaki walipo. Viwanja hivyo ndivyo vilivyokuwa njia ya wakimbizi wengi pia. Mwenye tiketi ya kawaida na mkimbizi walikuwa sawa siku hizo, na hata mawaziri walikwama.

Anga ilipofunguka ndege ziliruka tena. Waliokwama hawakuondoka wote siku moja, maana nafasi zilikuwa zimejaa na kila mtu anataka kwenda. Walipangwa kidogo kidogo, siku baada ya siku. Hili tulishike: anga ikifunguka Jumatano, haimaanishi wewe unaondoka Jumatano.

HATA AFRIKA YETU

Usiku wa tarehe 12 Juni 2011 volkano ya Nabro, Eritrea, ilipasuka. Majivu yakafika Ethiopia na Sudan, na safari za Addis Ababa na Khartoum zikavurugika. Hillary Clinton, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikuwa Addis Ababa siku zile. Alilazimika kukatisha ziara na kuondoka mapema kabla anga haijafungwa. Kumbe hata wakubwa wanafunga mizigo haraka!

Tena tarehe 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi, katika eneo la Afar, Ethiopia, ulipasuka. Wataalamu hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya mlima huo kupasuka huko nyuma. Majivu yalipanda kama kilomita 14, yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita juu ya Yemen na Oman mpaka India, na kampuni za ndege za India zikafuta safari. Vijiji vya karibu, kama vile vya Afdera, vilifunikwa na majivu na wafugaji wakahangaika na malisho.

Tunayataja haya kwa sababu Addis Ababa, na viwanja vya Ghuba kama Doha, ni njia ambazo ndege za kutoka Kigali hupita. Mlima usioujua hata jina unaweza kukaa kwenye njia yako.

FAMILIA YENYE TAREHE IFANYE NINI?

Tuseme familia ya watu sita ina tarehe ya kuondoka, na majivu yanafuta flaiti. Mambo yafuatayo yanasaidia.

Kwanza, ngojeni neno kutoka ofisi iliyowapa tarehe, yaani IOM au HCR. Tiketi ya mkimbizi hainunuliwi wala kubadilishwa na familia yenyewe. Wao ndio wanaotafuta nafasi nyingine. Hakikisheni namba ya simu waliyonayo ni ile inayofanya kazi. Watu wengi hubadilisha laini halafu wanalalamika kwamba hawakuitwa.

Pili, ulizeni juu ya karatasi zenye mwisho. Vipimo vya afya vina muda wake, na kwa kawaida muda huo ni miezi, si miaka. Mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu anaweza kupewa muda mfupi zaidi. Viza na ruhusa ya kutoka nchini navyo vina tarehe. Kuchelewa siku 4 kwa kawaida hakuharibu kitu. Lakini kama muda wako ulikuwa unaisha wiki hiyo hiyo, sema mapema. Kurudia medikali si kukataliwa.

Tatu, mama mjamzito asinyamaze. Kampuni nyingi za ndege hazimchukui mama baada ya wiki ya 36. Familia iliyopangiwa kuondoka wiki ya 35, flaiti ikasogea wiki mbili, inaweza kuambiwa ingojee mama ajifungue. Na mtoto akizaliwa lazima aandikwe kwenye kesi kabla ya safari. Msimfiche mtoto kwa kuogopa kuchelewa, maana kumfuatilia baadaye ni kazi kubwa kuliko kungoja.

Nne, msimalize kila kitu kabla ya siku yenyewe. Tumezoea, tarehe ikitoka tu, sufuria zinagawiwa, magodoro yanauzwa, deni linachukuliwa kwa ajili ya sherehe ya kuaga. Halafu flaiti ikifutwa watoto wanalala wapi, wanapikiwa na nini? Bakizeni sufuria moja, blanketi, na nguo za baridi. Dawa za wazee na wagonjwa, kama za sukari na presha, ziwe za siku nyingi kuliko zile za safari. Mtoto aendelee kwenda shule mpaka siku ya mwisho.

Tano, mkikwama katikati ya njia, tulieni pamoja. Familia inaweza kuwa imetoka Kanombe vizuri, ikakwama kwenye uwanja wa kubadilishia ndege. Ule mfuko wa IOM wenye karatasi usitoke mikononi. Usiwekwe na mizigo, wala asipewe mtu asiyejulikana kwa sababu tu anaongea Kiswahili. Kaeni mahali panapoonekana na mngoje mfanyakazi anayewapokea. Kama hamjui lugha, onyesheni mfuko kwa mfanyakazi wa uwanja. Msitoke nje ya uwanja kutafuta ndugu, hata kama yuko mji huo huo.

Sita, asiwadanganye mtu. Huduma zote za kuhamishiwa nchi ya tatu ni za bure. Hakuna malipo ya kurudishwa kwenye orodha, hakuna zawadi ya kuharakisha. Matapeli wanapenda siku za wasiwasi, maana mwenye wasiwasi hafikiri mara mbili. Akija mtu na maneno hayo, mripoti.

KUNGOJA ANGA NA KUNGOJA SERIKALI

Tusidanganyane lakini. Si kila flaiti inayofutwa inafutwa na majivu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa na tiketi tayari wakafutiwa safari. Mwezi huo huo vita vilifika Goma na uwanja wa ndege ukafungwa, na safari hiyo mlima haukuhusika. Hayo ni maamuzi ya watu. Yanaweza kuchukua muda mrefu, na hakuna anayeweza kukuambia wiki ijayo yatakuwaje.

Kwa hiyo mkiambiwa safari imeahirishwa, ulizeni swali moja kwa upole: ni kwa sababu gani? Kama ni majivu, hesabuni siku, au wiki chache. Kama ni uamuzi wa serikali, mpange maisha ya hapa kwa namna nyingine: shule, bustani, biashara ndogo. Kungoja anga na kungoja serikali havina kipimo kimoja, na familia inayojua inangoja nini haichoki haraka.

NENO KWA WAZAZI

Watoto wanaposikia safari imefutwa, wanafikiri wamefanya kosa. Wengine wanadhani ni kwa sababu walijibu vibaya kwenye intavyuu. Waambieni ukweli kwa maneno mepesi. Chukueni unga kidogo kwenye kiganja, mpulize mbele ya jua la dirishani, watoto waone jinsi unavyokaa hewani bila kuanguka. Waambieni: sasa fikirini unga huo ni wa vioo, na uko juu kama mlima mitatu iliyopandana. Rubani mwenye akili hapiti hapo. Mtoto ataelewa, na hata babu aliyekuwa amekasirika ataelewa.

Na kama siku moja majivu yataanguka hapa kwetu Nyundo, funikeni maji ya kunywa na matangi ya mvua, osheni mboga vizuri, zibeni pua na mdomo kwa kitambaa, wala msisugue macho. Kabla ya kufagia, nyunyizeni maji kidogo ili vumbi lisipande.

Wenye tarehe mwezi huu, tunawatakia safari njema na anga safi. Wenye kungoja, msikate tamaa, na msiuze sufuria ya mwisho. Tuonane mwezi ujao kwenye ukurasa huu huu.